Kulala Hemani Pwani ya Assateague na Majirani Zake: Niliyojifunza kwa Mbu, Mchanga na Farasi Mwizi

Mama alipokuja kututembelea hapa Maryland, nilimwambia Ijumaa tunakwenda kulala pwani. Akafurahi. Akatoa doti mpya ya kanga begini, akauliza kama hoteli yenyewe ina lifti, maana magoti yake hayapatani na ngazi. Nikamwambia hatulali hotelini, tunalala hemani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kodi ya nyumba imekushinda?"

Sikumlaumu. Sisi tuliokulia Tanga hatuijui pwani kama mahali pa kwenda na hema. Pwani unaamka nayo tu. Anayelala mchangani ni mvuvi anayesubiri maji, au mgeni aliyekosa mwenyeji. Hata mimi nilianzia kwenye ubahili: hoteli za Ocean City mwezi Julai zinatoza kwa usiku mmoja pesa ya kununua hema zima, na nina watoto watatu. Huu ni mwaka wa tisa sasa, na kila ifikapo Aprili simu zinaanza. Shemeji wa Silver Spring, jirani wa zamani aliyehamia Delaware, akina mama wa kikundi chetu cha Baltimore. Wote wanataka kambi, ila si kambi ya mateso. Wanataka ile ya kitanda, zulia na taa ndogondogo za kuning'inia, ile inayoitwa glempingi. "Dada, twende wapi?"

Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa hiyo nalitoa mapema. Katika pwani hii, ufukwe na kitanda havikai pamoja. Ufukwe mzuri uko mikononi mwa serikali, na serikali inakupa kiwanja cha mchanga, meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia moto, basi. Kitanda kiko kwa wafanyabiashara, ng'ambo ya daraja, upande wa bara, na kutoka huko unawasha gari kwenda kuitazama bahari kama watu wengine wote. Ukilijua hilo kabla ya kulipa, umeshajiepusha na nusu ya malalamiko ninayoyasikia.

Kuna sababu ya mambo kuwa hivyo. Assateague ni kisiwa chembamba cha mchanga chenye urefu wa maili 37, karibu kilomita 60, kaskazini yake ni Maryland na kusini ni Virginia. Miaka ya 1950 kilikuwa kimeshakatwa viwanja. Watu walinunua, barabara ya lami ikatandikwa na kupewa jina la Baltimore Boulevard, na mji wa starehe ukawa tayari kwenye ramani. Machi 1962 ikaja dhoruba iliyokaa siku kadhaa, bahari ikapanda juu ya kisiwa na kurudi na kupanda tena, na ilipotulia hapakuwa na mji wa kujadili. Mwaka 1965 Bunge la Marekani likakifanya kisiwa kuwa hifadhi ya taifa ya pwani. Ukifuata njia ya miguu inayopita kwenye matuta ya mchanga utaviona vipande vya ile lami, vimevunjika kama magamba ya mkate wa jana. Huwa nawapeleka pale wageni wanaoniuliza kwa nini hakuna hata hoteli moja kisiwani.

Basi kisiwani kuna milango mitatu, na watu huichanganya. Upande wa Maryland kuna eneo la hifadhi ya taifa: hema linakaa karibu sana na bahari, vyoo ni vya dawa visivyo na maji, bafu ni la maji baridi, umeme hakuna. Papo hapo, ikiwa imezungukwa na hifadhi hiyo, kuna bustani ya jimbo la Maryland: bafu la maji moto, vyoo vya kuvuta, na viwanja vichache vyenye umeme. Mlango wa tatu ni upande wa Virginia, ambako ni hifadhi ya wanyama ya Chincoteague. Huko hakuna kulala kabisa, na mbwa haruhusiwi hata akiwa amekaa ndani ya gari. Mwaka mmoja tulikutana na familia iliyotoka mbali na hema lao na mbwa wao, ikarudishwa getini na vyote viwili. Kutoka lango la kaskazini hadi la kusini hakuna barabara ndani ya kisiwa. Unarudi bara na kuzunguka zaidi ya saa nzima.

Kwa mtu anayeanza, mimi namwelekeza bustani ya jimbo. Maji moto si anasa ukiwa na mtoto mwenye mchanga masikioni. Nafasi zinashikwa mapema mno. Watu wa hapa hupanga Julai wakiwa bado wamevaa makoti. Upande wa taifa nafasi za msimu hufunguliwa miezi sita kabla, na za wikendi ya kiangazi huisha siku hiyohiyo asubuhi. Ukikosa, usikate tamaa: watu hufuta safari wiki ya mwisho wakishaona utabiri wa mvua, nami nimepata nafasi nzuri kwa kuchungulia mtandaoni usiku wa Jumatano.

Sasa upepo. Mwaka wa kwanza tulinunua hema dukani pamoja na vigingi vyake vilivyokuja ndani ya mfuko, vile vyembamba kama waya wa kuchomea mishikaki. Mume wangu, ambaye hujiona fundi, alivigonga vyote kwa mwiko wa ugali. Saa nane usiku upepo ukageuka, vigingi vikang'oka kimoja baada ya kingine, na tukabaki tumekumbatia hema watu watano kama abiria wa daladala isiyo na mlango. Mchanga haushiki kigingi kifupi. Unahitaji vya urefu wa inchi 12 mpaka 18, vipana, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mchanga. Kama huna, tumia njia ya bure: chukua mifuko ya nguo ya kubebea bidhaa, ijaze mchanga, funga kamba ya hema shingoni mwa mfuko, chimba hadi usawa wa kiwiko, fukia, kanyaga. Hema langu halijang'oka tangu hapo. Hema refu la kusimama ndani, ambalo ndilo kila mtu hulitamani dukani, liache nyumbani. Pwani linageuka tanga. Na usilichomeke juu ya tuta au kwenye majani ya tuta. Yale majani ndiyo yanayokishika kisiwa kisiondoke, na kuyakanyaga ni kosa la kutozwa faini.

Nyumbani tulijua kaskazi na kusi, ukaambiwa mwezi ukaijua pepo. Hapa hakuna adabu hiyo. Kuna dhoruba inayovuma kutoka kaskazini mashariki, upande uleule wa kaskazi yetu, lakini kaskazi ilileta majahazi na tende, hii inaleta maji mpaka kwenye meza ya chakula. Huja zaidi kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Na msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kuondoka ninaangalia utabiri wa serikali, sio ule wa kwenye simu unaochora jua na wingu tu, bali ule unaotaja upepo wa saa kwa saa. Nikiona umezidi maili 25 kwa saa, naahirisha. Hema si kinga ya radi pia. Ngurumo ikisikika, watoto wote ndani ya gari, hata kama wali uko jikoni.

Kuhusu mbu nitakaa kidogo, maana hapa ndipo safari nyingi hufia.

Nyuma ya kisiwa, upande wa ghuba, kuna kinamasi cha maji ya chumvi. Mbu wa kinamasi hutaga kwenye tope lenye unyevu, na mayai yanasubiri. Bamvua ikija na kufunika tope, au mvua kubwa ikinyesha, yote yanaanguliwa kwa mpigo. Kwa hiyo mtu wa pwani ana faida: tazama mwezi. Mwezi mpevu au mwandamo ukipita, pamoja na mvua, siku chache baadaye usiende, au nenda ukijua. Jambo la pili ni upepo. Ukivuma kutoka baharini, mbu husukumwa nyuma kinamasini na unaweza kula chakula chako kwa raha. Ukigeuka na kuvuma kutoka bara, wanaletwa mlangoni kwako kama wageni wa harusi. Ndiyo sababu nachagua kiwanja cha upande wa bahari, ingawa kile cha upande wa ghuba kina vivuli na machweo mazuri. Vivuli vile vina wenyewe.

Mchana mbu wakipumzika, mwezi Julai kuna pange wenye macho ya kijani. Hawa hawasikii dawa, na wanauma juu ya kanga. Dawa yao ni upepo wa bahari na kuingia majini. Halafu kupe: kaa kwenye njia, vaa soksi nyeupe ndefu uchomeke suruali ndani, na jioni kagueni miili, hasa nyuma ya magoti na nyuma ya masikio ya watoto, kwa sababu ugonjwa wa Lyme upo katika majimbo haya. Nguo zangu za kambi nazipulizia permethrini nyumbani siku moja kabla, nazianika zikauke. Dawa hiyo ni ya nguo, si ya ngozi. Na nina hema la wavu la kulia chakula. Niliposafiri bila hilo, watoto walikula futari yao ndani ya gari.

Mama alipoumwa na mbu wa kwanza alisema mbu wa Tanga wana haya. Siku iliyotangulia tulikuwa tumesimama Church Creek, kusini mwa mji wa Cambridge, nje ya barabara kuu ya 50, kwenye kituo cha kumbukumbu ya Harriet Tubman kilichofunguliwa mwaka 2017. Alizaliwa mtumwa katika wilaya ileile, akatoroka, akarudi mara nyingi kuwatoa wengine usiku kupitia vinamasi hivihivi. Mama alizunguka kimya. Kisha jioni ile, akijipiga shingoni, akasema, "Na wale walipita humu bila hata neti." Ukiwa na watoto wanaokulia huku, usiipite Church Creek bila kusimama. Ina vyoo safi pia.

Twende kwenye farasi, ndio watoto wanachokuja kuona. Assateague ina farasi wanaojitafutia wenyewe, wafupi, wenye matumbo makubwa. Matumbo yale si mimba: wanakula majani ya kinamasi yenye chumvi, na chumvi inawafanya wanywe maji mengi. Kuna hadithi kwamba mababu zao waliogelea kutoka kwenye meli ya Kihispania iliyozama. Maelezo yanayokubalika zaidi na watunza hifadhi ni ya kawaida mno: karne ya 17 wenye mifugo wa bara waliwaficha wanyama wao kisiwani kukwepa kodi na sheria za uzio. Mama aliyapenda maelezo haya kuliko yale ya meli. Uzio umewekwa mpakani mwa majimbo mawili, kwa hiyo makundi hayachanganyiki. La Virginia ni mali ya kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Chincoteague. Wiki ya mwisho ya Julai, siku ya Jumatano, huwavusha kwa kuogelea maji yakiwa yamesimama, na Alhamisi watoto wa farasi huuzwa kwa mnada. Ni jambo la kuona mara moja maishani, lakini usipange kambi ya utulivu wiki hiyo. La Maryland halivushwi wala haliuzwi. Linaangaliwa na hifadhi ya taifa, na kwa miaka mingi majike walipigwa kwa mbali sindano za kuzuia mimba ili idadi isizidi uwezo wa kisiwa. "Hata farasi wa Marekani wana uzazi wa mpango," mama akasema, akacheka peke yake mpaka usiku.

Hakuna uzio kati yako na wao. Kanuni ni kukaa umbali wa futi 40, yaani mita 12, kama urefu wa basi, na wakikusogelea wewe ndiye unayerudi nyuma. Wanapiga teke, wanauma. Wanaiba pia. Asubuhi ya pili nilikuwa nimepanga chapati kumi na nne kwenye hotpoti mezani, nimegeuka kumimina chai. Jike mmoja wa rangi ya kahawia alikuja bila haraka, akasukuma hotpoti kwa pua, kifuniko kikaanguka, akala tano kabla sijapata sauti. Mume wangu anapiga makofi, mama anapiga kelele "Toka, we!" kama anafukuza mbuzi wa jirani, watoto wanarekodi.

Askari wa hifadhi alipokuja hakucheka. Alitueleza kwamba farasi akishaonja chakula cha watu, anaanza kuzunguka hemani na kando ya barabara, na barabarani ndiko anakogongwa na gari. Mwaka 2022 dume mmoja aliyekuwa hazuiliki kwenye meza za wapiga kambi ilibidi aondolewe kisiwani na kupelekwa Texas. Chapati zangu tano zilikuwa hatua moja kwenye njia hiyo, nikaona aibu. Tangu siku ile kila cha kuliwa, pamoja na dawa ya meno na taka, kinakaa ndani ya gari lililofungwa. Deli la barafu pia. Zipu ya hema si mlango kwa farasi. Ukipika pilau, mmoja apike na mmoja asimame zamu.

Jambo moja la haraka kuhusu moto: usibebe kuni kutoka nyumbani. Kuni hubeba wadudu wanaoua misitu, kwa hiyo zinunuliwe karibu na unakozichoma. Na kuhusu bahari: hii si bahari yetu yenye miamba ya kuvunja mawimbi. Kuna mikondo inayovuta mtu kwenda nje. Ukivutwa usipigane nao, ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo. Watoto wangu wanaingia majini pale tu penye waokoaji, na waokoaji wapo msimu wa kiangazi, si Oktoba.

Sasa glempingi yenyewe, maana msije mkasema nimewanyima. Nimelala mara tatu. Ya kwanza, sitaitaja kampuni, ilikuwa na picha za hema jeupe na nyuma yake maji ya buluu. Tangazo lilisema "hatua chache kutoka majini." Tulipofika, maji yalikuwa bwawa la kukusanyia maji ya mvua, lenye bata. Bahari ilikuwa dakika 40 kwa gari. Kitanda kilikuwa kizuri, sikatai, lakini turubai lilinuka ukungu, kipoza hewa kilinguruma kama mashine ya kusaga, na choo kilikuwa cha pamoja, mbali kiasi cha kuhitaji tochi na ujasiri. Usiku mvua ikanyesha, zulia likalowa kuanzia mlangoni. Na bei ilizidi ile ya hoteli niliyoikimbia miaka tisa iliyopita.

Kwa hiyo sasa kabla ya kulipa napiga simu, situmi ujumbe, kwa sababu mtu akijibu kwa mdomo unasikia anaposita. Ukiambiwa "karibu na maji", uliza maji gani. Uliza choo kiko mita ngapi na kinatumiwa na mahema mangapi. Uliza kama umeme upo ndani ya hema au ni taa za betri tu, kama sakafu ni ya mbao iliyoinuliwa au turubai limekaa chini, na kama wanarudisha pesa dhoruba ikitangazwa. Halafu fungua ramani ya picha za setilaiti, tafuta mahali penyewe, upime mwenyewe umbali hadi ufukweni. Mimi humwambia mume wangu kwamba ramani haina aibu.

Lakini kuna watu ambao kwao glempingi inafaa kila senti: mzazi mwenye magoti kama ya mama, mwenye mtoto mchanga, mtu anayefika Ijumaa saa nne usiku na hana nguvu ya kusimamisha hema kwa mwanga wa simu. Na kuna njia ya katikati ambayo watu wetu hawaijui, nayo ndiyo ninayoipenda. Bustani za majimbo zina vibanda vya mbao na mahema ya duara yenye sakafu ya mbao, yale yanayoitwa yurti. Cape Henlopen ya Delaware ina vibanda. Kiptopeke na First Landing za Virginia zina yurti. Humo ndani ni kitanda na paa lisilovuja. Shuka na sufuria unabeba mwenyewe. Yanashikwa mapema kuliko viwanja vya hema, lakini bei yake haimtishi mtu.

Kiptopeke ndiko nilikompeleka mama mara ya pili, baada ya kusema hatarudi tena kwa farasi. Iko ncha ya kusini ya rasi ya Delmarva, karibu na daraja refu la kuvukia mdomo wa Ghuba ya Chesapeake lililofunguliwa 1964, ambalo mara mbili huzama kuwa handaki chini ya maji kisha huibuka. Ufukwe wake unatazama ghuba, si bahari kuu, na mbele yake zimezamishwa meli tisa za zege zilizojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ziwe ukuta wa kuvunja mawimbi. Maji ni matulivu, mtoto wa miaka minne anakaa humo kutwa. Mama aliingia kwenye yurti, akagonga sakafu kwa mguu, akatazama juu paa linapokutana, akasema, "Kumbe ni msonge." Akalala saa tisa mfululizo. Jioni yake alikaa mchangani kutazama jua likizama majini nyuma ya zile meli, hakupenda kabisa. Kwetu jua hutoka baharini. Alisema hii pwani wameipiga kinyumenyume.

Cape Henlopen nenda mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kama utaweza mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Usiku maji yakijaa, kwenye fukwe za Ghuba ya Delaware hupanda viumbe wenye gamba la duara kama kofia ya askari na mkia kama sindano ya kushonea magunia. Wazungu huwaita kaa, lakini ni ndugu wa nge na buibui. Hutaga mayai mchangani kwa mamilioni, na ndege wanaosafiri kutoka ncha ya Amerika Kusini kwenda Aktiki hutua hapa kuyala ili wapate nguvu ya kumaliza safari. Ukimkuta mmoja amepinduka, mshike ubavuni mwa gamba umgeuze taratibu, usimshike mkia. Watoto wangu waligeuza ishirini na tatu usiku mmoja wakagoma kulala.

First Landing, iliyoko Virginia Beach, naipenda kwa misitu yake na kuichukia kwa kelele za ndege za kivita. Tena kuna jambo watu hunong'ona wakiniuliza: je, sisi weusi tutakuwa peke yetu huko? Mara nyingi mtakuwa wachache, ndiyo. Lakini bustani hiyo ilijengwa kwa mikono ya vijana weusi wa mradi wa ajira wa serikali miaka ya 1930, na ilipofunguliwa mwaka 1936 wao na jamaa zao hawakuruhusiwa kuitumia. Miaka ya 1950 watu weusi walishtaki, na jimbo likaona heri kuifunga kuliko kuwafungulia. Nikiingia pale getini na watoto wangu siombi radhi kwa mtu. Katika miaka tisa, majirani wa hema wamenipa kuni, barafu, na mara moja nyundo. Nami nimewapa sambusa, na ikawa mwisho wa ukimya.

Usafiri: kutoka Baltimore hadi Assateague ni kama saa tatu, ukiivuka Bay Bridge, daraja jingine la Ghuba ya Chesapeake, kwa wakati wa akili. Daraja lile lilifunguliwa 1952, lina urefu wa maili 4.3, na Ijumaa mchana ya kiangazi ni adhabu. Ondoka Alhamisi usiku, au Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Ushuru unalipwa ukienda mashariki tu. Na kama unaogopa urefu, usione haya: kuna watu kazi yao ni kukuendeshea gari kulivuka daraja wewe ukiwa umefumba macho.

Ukiniuliza nichague wikendi moja tu kwa mwaka, ni ya mwisho wa Septemba, Assateague, kiwanja cha upande wa bahari, hema fupi. Maji bado yana joto la kiangazi, mbu wamepungua, watoto wa watu wako shuleni, na usiku ni wa baridi ya kufurahia chai ya tangawizi. Mei hewa ni nzuri, ila bahari ni barafu. Agosti waachie wasiojua.

Mkirudi, hema lisikae na chumvi. Lifungue uani, limwagie maji ya bomba, piga mswaki kwenye zipu, lianike mpaka likauke kabisa ndipo ulikunje. La kwanza nililikunja bichi na likaota ukungu kama ule wa zile siku za bwawa la bata. Vigingi visuuze vilevile, uvihesabu. Vyangu vilikuwa kumi na viwili. Vinne viko Silver Spring tangu mwaka jana, na mwenyewe anajijua. Shemeji, nimeshashika nafasi ya Septemba. Vilete, na safari hii usije na hema refu.